Panga Matembezi kwa Kumfikiria Mtu wa Mwisho

Siku ya tatu ya kundi letu la matembezi, mama mmoja wa makamo aliinama mara tatu kufunga kamba za viatu. Mara ya kwanza sikujali. Mara ya pili nilimsubiri. Mara ya tatu nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, nikaona kwamba kamba zilikuwa zimekazwa vizuri, fundo juu ya fundo. Vidole vyake vilikuwa vikizishikashika tu huku mabega yakipanda na kushuka. Alikuwa anatafuta pumzi na hakutaka tujue. Tulipomaliza aliniaga kwa tabasamu, akasema tutaonana wiki ijayo. Wiki ijayo hakuja, wala iliyofuata.

Baada ya mwezi nilimpigia simu. Hakulalamika hata kidogo. Alisema, "Sikutaka kuwachelewesha." Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu kundi lile tulilianzisha kwa ajili ya watu kama yeye, wenye presha, wenye magoti yanayouma, waliokaa miaka bila mazoezi. Wale wenye mbio wangetembea hata bila sisi.

Nilipokaa kufikiria niliona kosa lilikuwa wapi, na nina hakika makundi mengi yanalo. Tulikuwa tunatembea umbali uliopangwa. Wenye kasi walitangulia, wakifika kwenye kona wanasimama kusubiri. Wanakunywa maji, wanapiga soga, mapigo ya moyo yanatulia. Yule wa mwisho anafika akitweta, na hapo hapo mtu anasema, "Haya, tumetimia, twende." Basi waliopumzika ni wale ambao hawakuchoka, na aliyechoka hapumziki kamwe. Juu ya hayo, kila akifika anakuta watu kumi na wawili wamesimama wakimtazama. Hata ningekuwa mimi nisingerudi.

Dawa yake ni rahisi: mnatembea kwa muda, si kwa umbali. Chagueni njia ya kwenda na kurudi pale pale. Kila mtu aende kwa mwendo wake, na dakika 25 zikitimia kiongozi apulize filimbi. Ikilia, kila mmoja anageuka pale pale alipo. Mwenye kasi amefika mbali, mwenye mwendo mdogo amefika karibu, lakini wote wana dakika 25 za kurudi, kwa hiyo wanafika pamoja au wakipishana kidogo tu. Na filimbi inapolia, aliyekuwa wa mwisho ndiye anakuwa wa kwanza. Mara ya kwanza tulipofanya hivi nilimwona mzee mmoja aliyezoea kutuona migongo akigeuka na kukuta njia iko wazi mbele yake. Alinyoosha mgongo, akaanza kutupa mikono kama askari wa gwaride. Tangu siku hiyo hatujarudi kwenye mpango wa umbali.

Kama njia ni ndefu na filimbi haisikiki, pataneni saa ya kugeuka kabla ya kuondoka, na kila mmoja aangalie saa yake.

Jambo la pili ni mtu wa kufunga mstari. Makundi mengi huchagua kiongozi wa mbele na kusahau wa nyuma, na mimi naona wa nyuma ndiye mzito zaidi. Awe na subira, awe na simu yenye chaji na maji ya ziada, na asimpite mtu wa mwisho hata kwa hatua moja. Asiwe wa kusema "jitahidi, tumekaribia" kila dakika. Anayetembea kwa shida anajua vizuri amebakiza wapi. Azungumze naye mambo ya nyumbani, ya kazini, ya watoto. Tulipokezana kazi hii kila wiki ndipo wenye kasi walipoanza kuwafahamu wenzao wa nyuma kwa majina na kwa maradhi yao.

Kuna anayehofia kwamba kwa mpango huu wenye nguvu hawatafaidika, au kwamba mwenye mwendo wa pole hafanyi mazoezi ya kweli. Hofu hiyo haina msingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na linapima kwa dakika, si kwa kilomita. Sisi hutembea mara tatu kwa wiki, dakika 50 kila mara, na hesabu ya chini inatimia. Kipimo cha "wastani" kila mtu anacho kooni mwake: ukiwa unaweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko mahali pake. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Mwendo unaomfikisha mama yule kwenye kipimo hicho kijana hawezi hata kuuita matembezi, lakini moyo wa kila mmoja wao unafanya kazi inayomfaa.

Kwa sababu hiyo niliomba tuache kutumiana hesabu za hatua kwenye kundi letu la simu. Kulikuwa na mashindano kila jioni, nani amefikisha hatua 10,000, nani bado. Idadi hiyo haikutoka kwa daktari. Ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, jina lenye maana ya kipimo cha hatua elfu kumi. Anayependa kuhesabu ahesabu kwa faida yake, lakini orodha ya washindi kila siku ina mtu wa mwisho, na mtu huyo anasoma kimya kimya. Hata mizani tuliiondoa. Kulikuwa na wazo la kupimana uzito hadharani kila mwezi na nilipinga kwa nguvu zote.

Kama unajiuliza kwa nini kuhangaika na kundi wakati mtu anaweza kutembea peke yake, mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti 42 za makundi ya matembezi zenye washiriki zaidi ya 1,800. Walikuta presha imeshuka, mapigo ya moyo wakati wa kupumzika yamepungua, mafuta mwilini yamepungua na huzuni imepungua, na wengi wa washiriki hawakuacha. Nchini Marekani daktari wa moyo, David Sabgir, alichoka kuwaambia wagonjwa wafanye mazoezi bila kuona mabadiliko, basi mwaka 2005 akawaalika watembee pamoja naye, na mpango wake ukaenea mbali. Nadhani alichogundua ndicho tunachokiona sisi kila asubuhi: mtu anaamka kwa sababu kuna mwenzake anayemngoja.

Ndiyo maana siku na saa visibadilike. Sisi tuliwahi kuulizana kila wiki, "Kesho saa ngapi?", na majibu yakawa mengi kuliko watembeaji. Tulipoamua ni saa 12:30 asubuhi, pale pale, siku zile zile, mjadala ukaisha. Wakija wawili, wanatembea wawili. Usiahirishe kwa sababu watu ni wachache, maana yule mmoja aliyekuja na kukuta hakuna mtu huenda alikuwa amejilazimisha kuliko wote. Msisubiri waliochelewa zaidi ya dakika tano, na msiwaseme pia.

Mambo ya usalama nayataja kwa haraka, ingawa si madogo. Dakika kumi za mwanzo ziwe za mwendo wa pole kwa wote. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, tembeeni mkikabili magari yanayokuja, kwenye mstari mmoja, na nguo zenye rangi ya kung'aa kama bado kuna giza. Mwenye kisukari akague miguu yake kabla na baada, hata katikati ya vidole, kwani lengelenge asilolihisi linaweza kuwa kidonda, na kama anatumia insulini abebe kitu cha sukari mfukoni. Mwenye ugonjwa wa moyo aongee na daktari wake kwanza. Na mtu akisema kifua kinambana, au maumivu yanaelekea mkononi au kwenye taya, au kizunguzungu kimemshika, matembezi yameisha: aketi, msaada uitwe, asiachwe peke yake. Msiseme "tufike kwanza."

Mama yule alirudi. Haikuwa siku ile nilipompigia. Ilichukua miezi, na nilimweleza habari ya filimbi mara mbili kabla hajaniamini. Siku aliyorudi nilikuwa mimi ninayefunga mstari. Alisimama mara mbili, hakuinama, hakugusa kamba. Aliweka mikono kiunoni, akasema, "Ngoja nipumue," nami nikangoja.

Kama tayari una kundi, jaribu hili wiki hii kabla ya kubadilisha chochote: acha nafasi yako ya mbele, nenda nyuma kabisa, utembee huko kuanzia mwanzo hadi mwisho. Angalia nani anainama, nani ameacha kuongea, na wenzako wako mbali kiasi gani.