Kimbunga kikija Pwani, kitafika Dodoma?

Dada, umeuliza kama kimbunga kitafika huku Dodoma. Ule upepo hapana. Kikishaingia nchi kavu kinakosa joto la bahari linalokipa nguvu, kinafifia haraka. Wa kumwonea wasiwasi ni mama yako kule Kilwa, tena cha kuogopa ni maji kuliko upepo: mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilikata barabara ya Dar–Lindi pale Somanga. Fuata taarifa za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kila zinapotoka, maana njia ya kimbunga hubadilika. Na usiangalie kitovu tu kwenye ramani. Mawimbi na mvua hufika mbali nacho. Mpigie mama leo leo. Mtumbwi uvutwe juu kabisa, mtu asiende baharini, na usiku wasilale bondeni karibu na mto.