Nani ashike ufunguo wa posho?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama umefika wakati wa kubadili sifa za elimu, malipo na muda wa kukaa madarakani wa wanasiasa wetu, na kama umefika, tuanzie wapi. Kwa maoni yangu tuanzie kwenye malipo, na hasa kwenye swali la nani anayeyapanga, kwa sababu hayo mengine mawili, ingawa ni mazito, hayatasogea iwapo hilo halijaguswa.

Hapa Igombe, ufukweni mwa ziwa katika Wilaya ya Ilemela, kina mama wanaoanika dagaa wana kikundi cha kuweka na kukopa ambacho mke wangu ni mwanachama wake. Sanduku lao ni la bati na lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa wanachama watatu tofauti, na mtunza sanduku, ambaye hulala nalo chumbani kwake, hana hata mmoja. Siku ya kikao hufunguliwa mbele ya wote na fedha zikahesabiwa kwa sauti. Mwaka jana katibu aliomba aongezewe nauli ya kwenda mjini kufuatilia shughuli za kikundi. Alitakiwa atoke nje, akakaa chini ya mwembe, wenzake wakajadili na kupiga kura, kisha akaitwa kuambiwa kiwango walichokubaliana. Hakuna aliyeona kwamba amedhalilishwa, wala yeye mwenyewe hakuona hivyo.

Sasa tazama Katiba yetu ya Tanzania. Ibara ya 73 inasema wabunge watalipwa mshahara, posho na malipo mengine kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, yaani sheria inayopitishwa na hao hao watakaolipwa, na viwango vyenyewe sisi wapiga kura huvipata kwa tetesi. Mwishoni mwa mwaka 2011 ndivyo tulivyokuja kusikia kwamba posho ya kikao imepandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku. Mwaka 2014, Bunge Maalumu la Katiba lilipokutana Dodoma kujadili rasimu ya Katiba mpya, posho ilikuwa shilingi 300,000 kwa siku, na bado wapo waliosimama kulalamika kwamba haitoshi, wakati wengi wa kina mama ninaowasema hawakuwa wakishika faida ya kiasi hicho kwa mwezi mzima wa kugeuza dagaa juani. Lililoniuma zaidi ni kwamba Bunge hilo hilo liliyaondoa kwenye Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, iliyokusanya maoni ya wananchi, mambo mawili ambayo wananchi waliyahitaji sana: ukomo wa ubunge wa vipindi vitatu vya miaka mitano, na haki ya wapiga kura kumwondoa mbunge wao kabla ya muda kwisha. Waliokuwa na maslahi katika jambo hilo, wakiwamo wabunge wa Jamhuri ya Muungano walioshiriki kupiga kura, hawakutoka nje wakakae chini ya mwembe.

Lipo pia suala la kiinua mgongo, ambalo halizungumzwi inavyostahili. Mbunge hulipwa fedha hizo kwa mkupuo Bunge linapofikia ukingoni, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Oktoba, wakati kura za maoni za vyama zinakaribia. Kijana wa Sengerema au wa Ukerewe anayetaka kushindana naye anaanza na akiba ya mauzo ya samaki. Ningependa malipo hayo yatolewe baada ya uchaguzi, si kabla yake.

Kuhusu elimu, nakiri nimebadili mawazo. Ibara ya 67 inadai umri wa miaka 21 na uwezo wa kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na zamani niliunga mkono Rasimu ilipotaka kidato cha nne. Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, Uganda, wanadai kidato cha sita, na Kenya sheria ya kudai shahada kwa wabunge ilibatilishwa na Mahakama Kuu. Lakini yule mtunza sanduku wetu aliishia darasa la saba, na hesabu zake sijaona zikipotea shilingi. Sioni sababu ya kumfungia mlango. Anayeshindwa kusoma vitabu vya bajeti wapiga kura wanaweza kumpima wenyewe, mradi wawe na nafasi ya kumwondoa.

Kwa hiyo ukomo naupa uzito. Rais ana vipindi viwili tu, na tumeshuhudia Mzee Mwinyi akiondoka mwaka 1995, Mzee Mkapa mwaka 2005 na Mzee Kikwete mwaka 2015, nchi ikaendelea. Husemwa kwamba mbunge hodari atapotea bure. Miaka 15 inatosha kuanzisha barabara na kuikamilisha, na hata nahodha wa mtumbwi wa dagaa hapa kwetu, kabla macho hayajachoka, huwa ameshamkabidhi kijana wake kasia.

Marekani walilipatia ufumbuzi suala la malipo kwa sentensi moja. Marekebisho ya 27 ya Katiba yao, yaliyopendekezwa mwaka 1789 na kuidhinishwa mwaka 1992, yanasema badiliko lolote la malipo ya wabunge halitaanza kutumika mpaka uchaguzi wa wawakilishi uwe umefanyika katikati. Sisi hatuhitaji kungoja miaka mia mbili. Ibara ya 73 iongezewe kwamba viwango vitapangwa na chombo kisicho na mbunge ndani yake, vitatangazwa hadharani, na nyongeza yoyote itaanza na Bunge litakalofuata. Huo ndio mswada ningependa mgombea wa jimbo letu aahidi kuuwasilisha atakapokuja kutuomba kura hapa mwaloni.

Msomaji wenu,
Igombe, Mwanza