Usitume pesa ya kushikia gari kabla hujainua zulia

Mkuu, simama hapo hapo. Leo usiku usitume hata senti moja.

Nimesoma uzi wako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Muuzaji amekutumia VIN, ile namba ya utambulisho wa gari, kwa meseji. Juu yake kakutumia na ripoti ya historia ya gari aliyoitoa mwenyewe: haina ajali, haina wizi, haina deni. Anataka pesa ya kushikia leo leo kwa kuwa kuna mteja mwingine anakuja asubuhi. Halafu wewe unatuuliza mtandao gani mzuri wa kuhakiki, injini iliyobadilishwa ina shida gani, kilomita 68,000 zinaaminika kwa gari ya 2014, na gia yake inadumu au ndiyo zile za kufa ghafla.

Huyo mteja wa asubuhi namfahamu. Hata kwangu alikuwepo. Sura yake sijawahi kuiona, lakini kila gari inayouzwa yeye yuko njiani anakuja na hela mkononi.

Sasa angalia namba uliyobandika hapo juu. Nimeinakili nikaikagua: ya sita ni herufi O, si sifuri. VIN ina tarakimu na herufi 17 kwa jumla, na I, O na Q hazitumiki kabisa kwa sababu zinachanganywa na 1 na 0. Inawezekana jamaa kateleza kidole, sawa, tumsamehe. Ila nijibu hili: ripoti yake aliitoa kwa namba ipi, ikiwa hii aliyokupa wewe mtandao ukiiona unaitema? Mimi siku ile ningejiuliza swali moja dogo la namna hiyo, leo nisingekuwa hapa nahubiri.

Yangu ilikuwa nyeupe, imenyooka, ndani inanukia upya. Dalali alikuwa kijana mtanashati, kila baada ya sentensi mbili "bosi wangu". Akanitumia picha ya kadi ya gari na ripoti ya VIN, kurasa saba. Nikakaa mezani kama mhasibu. Kadi huku, ripoti huku, nikapitisha kalamu juu ya herufi moja moja mpaka zote 17 zikakubaliana. Nikajiona msomi. Nikamwambia na mke wangu, "Hawa watu huwa wanawapiga wale wasiosoma."

Kosa langu liko hapo, na nitalirudia mpaka uchoke. Nilikuwa nalinganisha karatasi na karatasi, na zote mbili zimetoka mfukoni mwa mtu mmoja. Kwa nini zisikubaliane? Ni kama kumuuliza mtu jina lake, halafu ukathibitishe kwa pacha wake aliyekuja naye. Gari yenyewe, ile ya chuma, hakuna aliyeiuliza kitu.

Na ripoti, masikini, ilijaribu kunionya. Ukurasa wa kwanza kwenye maelezo ya gari iliandikwa kwamba inavuta magurudumu yote manne. Ile niliyoiona ilikuwa inavuta ya mbele tu. Ningeinama nikachungulia chini ningekuta hakuna hata propela shafti ya kupeleka nguvu nyuma. Nilimuuliza dalali, akacheka: "Bosi wangu, hiyo inajiwasha yenyewe ukiingia kwenye tope." Na mimi mtu mzima mwenye watoto nikaitikia, "Aah, teknolojia."

Mwingine aliyenipoteza ni shemeji yangu. Kwenye ukoo ndiye "anayejua magari", cheo alichokipata kwa kubadilisha plagi mara moja na kuzungumza kwa sauti nzito. Nilimpigia simu nikamsomea ripoti. Akasema ripoti ikiwa safi, gari ni safi, lipa haraka kabla hawajabadilisha bei. Hakuja kuiona. Hakuniuliza nimesoma namba wapi. Siku hizi kwenye sherehe za ukoo akianza kuongelea magari mimi natoka nje kupunga upepo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ripoti haikuwa ya kughushi. Ilikuwa ripoti halali ya gari halali, aina ileile, mwaka uleule, rangi ileile, inayotembea kwa amani mahali pengine na mwenyewe hana habari. Walichofanya ni kuichukua namba yake wakaivisha gari ya wizi. Wanaita kloni: gari mbili, namba moja. Kwa hiyo ungeweza kwenda kwenye mtandao wa gharama kuliko yote duniani, ukalipia ripoti ndefu kuliko yote, na ungeambiwa gari safi. Na ni kweli, gari ile ni safi. Ila siyo hii uliyoegemea mlango wake.

Wiki tatu baadaye nikaipeleka ikakaguliwe ili nibadilishe umiliki. Mkaguzi hata hakuzitaka karatasi zangu nilizozipanga kwenye faili. Alifungua mlango wa mbele wa abiria, akasogeza kiti nyuma, akainua zulia, akamulika tochi. Akapitisha kidole. Kisha akaniita, "Njoo upitishe na wewe." Kuizunguka ile namba kulikuwa na tuta jembamba kama kovu la mshono, limefunikwa rangi. Kipande cha bati chenye namba ya asili kilikatwa kama stempu, kikachomelewa kingine mahali pake. Zulia liliinuka bila hata bisibisi. Sekunde 40, mkuu, ukihesabu na kuwasha tochi. Kwa wiki tatu mke wangu alikuwa amekalia ushahidi.

Gari ikabaki palepale. Nikarudi nyumbani kwa miguu, funguo mkononi. Ikafuata miezi saba ya kuandika maelezo, kuitwa, kusubiri benchini, kuulizwa dalali ni nani na anakaa wapi, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Simu yake ilikuwa haipatikani tangu jioni ileile. (Hiyo namba nayo ningeihakiki.) Mwisho mwenye gari akapatikana, akakabidhiwa mali yake, nami nikabaki na risiti niliyopewa na mtu asiyekuwepo. Nilikuwa nimeshaivalisha tairi nne mpya na betri. Yule mzee mwenye gari alinishukuru kwa kuitunza vizuri. Akiba ya miaka minne ilitoka getini ikiwa na tairi zangu, ikanipigia na honi.

Kwa hiyo mimi nina sheria moja: VIN unaisoma kwenye chuma, kwa macho yako, kabla pesa haijatoka. Namba ya kwenye meseji, kwenye kadi, kwenye ripoti ya muuzaji, zote ni uvumi mpaka chuma kiseme.

Chuma chenyewe kiko wapi? Gari nyingi zina kibao kidogo chini ya kioo cha mbele, pembeni, unakisoma ukiwa nje. Kuna stika kwenye nguzo ya mlango. Hizo mbili anza nazo lakini usizilalie, kwa sababu stika inabanduliwa na kibao kinang'olewa kwenye gari iliyogongwa kikapandikizwa kwingine. Tazama riveti zinazoshikilia kibao: zimekwaruzwa, hazifanani, zinang'aa kuliko kibao chenyewe? Tazama kona za stika: zimeinuka? Inayobeba uzito ni ile iliyogongwa kwenye bodi au kwenye fremu. Gari nyingine iko ndani ya boneti kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi, nyingine chini ya zulia karibu na kiti cha mbele, na zile zenye fremu kamili iko kwenye reli ya fremu jirani na gurudumu. Kitabu cha gari kinaeleza ilipo. Fungua kitabu kabla hujaenda, usimuulize muuzaji, maana atakuonyesha ile anayotaka uione.

Ukiipata, usiisome tu, ipapase. Herufi za kiwandani zina kina kimoja na nafasi zinazolingana. Ukikuta moja imezama kuliko mwenzake, au chuma kimesagwa kikang'aa, au rangi ya hapo ni mpya wakati pembeni kuna vumbi la miaka, au kidole kinapanda tuta, funga mlango polepole uage kwa heshima. Usianze kumshutumu mtu ukiwa peke yako kwenye uwanja wake, ushujaa wa hivyo sikushauri.

Ikiwa sehemu zote zinakubaliana, hapo ndipo unaichapa wewe mwenyewe kwenye simu yako, na ripoti unailipia wewe. Hiyo gharama ndiyo niliyokuwa naikwepa nikisema "si ameshaitoa yeye". Ripoti ikija usikimbilie neno "safi". Soma maelezo ya gari: ujazo wa injini, aina ya gia, idadi ya milango, magurudumu inayovuta. Kimoja kisipofanana na unachokiona mbele yako, usikubali hadithi ya tope.

Na ujue ripoti inajua yale tu yaliyoripotiwa. Gari iliyopinduka ikanyooshwa kwenye gereji ya uani bila bima kuambiwa, kwenye ripoti itatoka bikira. Kwa hiyo fundi wa kukagua bodi bado unamhitaji. Fundi wako, siyo wa kwake, na siyo shemeji.

Kuna kitu kingine kinachowachanganya wengi. Gari zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani hazina VIN ya 17. Zina namba ya chesisi fupi: herufi na tarakimu za modeli, kistari, halafu tarakimu, mfano NZE121 na namba zake baada ya kistari. Ukiichapa hiyo kwenye mtandao unaotaka 17 itakataa, na hapo siyo utapeli. Gari za namna hiyo historia yake inatafutwa kwa namba hiyo ya chesisi, na kama ilipita mnadani kuna karatasi ya mnada inayoonyesha hali yake na kilomita siku ile. Alama R kwenye daraja la ubora maana yake iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Karatasi hiyo nayo inaghushiwa, kwa hiyo usipokee picha, itafute mwenyewe kwa namba uliyoisoma wapi? Kwenye chuma. Ya kwako wewe umesema ina 17, kwa hiyo hilo halikuhusu, lakini kuna atakayepita hapa.

Msidanganyane pia na ile hesabu ya mwaka. Kuna mtu kakujibu hapo juu kwamba alama ya kumi ndiyo mwaka, A ni 2010, B ni 2011, na kuendelea. Kwa gari za soko la Marekani ni sahihi, huko VIN ya 17 imekuwa lazima tangu gari za mwaka 1981, na ya tisa ni ya kuhakiki hesabu ya namba nzima. Kwa hizo hata mtandao wa serikali yao, NHTSA, unakuonyesha bure kama gari iliitwa kiwandani ikarekebishwe na bado haijarekebishwa. Lakini watengenezaji wa Ulaya hawalazimiki kufuata hizo nafasi mbili kwa magari ya soko lao. Utakuta Z zimejazwa tu katikati, usiite watu wezi.

Ulikuwa umeuliza na la injini, nadhani. Injini kubadilishwa si dhambi. Namba iliyogongwa kwenye bloku ilingane na iliyo kwenye kadi, na kama ilibadilishwa, mabadiliko yawe yamesajiliwa. Ukitaka kujua kama zinatofautiana, isome kwenye bloku, na unajua nitasema nini tena kwa hiyo naacha. Mengine uliyouliza wadau watakujibu, mimi nikianza kuandika kuhusu magari presha inapanda.

Kwa muuzaji mjibu hivi: pesa ya kushikia utampa mkononi, kesho, baada ya kuiona. Akikwambia mteja wa asubuhi atawahi, mwambie amsalimie. Ukifika nenda na tochi na kitambaa cha kufutia vumbi, na kabla hajakuwashia injini ikavuma vizuri ukalainika, fungua mlango, sogeza kiti, inua zulia. Akikwambia zulia limegundishwa lisiguswe, ondoka. Likiinuka, pitisha kidole, piga picha, kisha urudi hapa utuambie ya sita ni nini.