Koki Namba 7

SWALI: Nasimamia maabara ya mikrobiolojia katika kiwanda cha dawa za maji. Sampuli ya maji yaliyosafishwa ya Jumatatu, koki namba 7, ilitoa koloni (vidoa vya bakteria vinavyoota kwenye sahani) 180 kwa mililita. Ya Jumatano ilitoa 4. Wazalishaji wananitaka niandike "kosa la maabara". Nifanyeje?

JIBU: Usiandike. Sampuli ya Jumatano ni maji mengine. Haifuti ya Jumatatu, na kikomo cha kuchukua hatua ni koloni 100 kwa mililita. Kosa la maabara huthibitishwa: sahani tupu ya kulinganishia imeota, au sampuli ilikaa mezani siku nzima. Hakuna? Basi 180 inabaki 180.

Kupanda na kushuka huko kwenyewe kunanyooshea kidole bomba. Utando wa bakteria uliogandama ndani ya bomba humeguka vipande vipande. Leo kimoja kimeingia chupani, kesho hakuna. Uliza pia kama pampu ya mzunguko ilizimwa mwishoni mwa wiki, maana maji yaliyosimama hulea utando.

Kisha nenda kwenye koki mwenyewe. Ukikuta mpira wa kuchotea maji umeachwa unaning'inia na maji yamelala ndani, umeshapata pa kuanzia. Chota mara mbili: kwanza kupitia mpira, vilevile wazalishaji wanavyochota, halafu utoe mpira, upanguse koki kwa alkoholi ya asilimia 70, uyaache maji yatiririke, uchote tena. Chafu ya kwanza tu, tatizo ni mpira. Zote mbili, kagua tawi la bomba: urefu wake ukizidi mara 3 ya kipenyo chake, maji hutuama humo. (Wapo wanaomwaga maji dakika 10 kabla ya kuchota ilhali uzalishaji humwaga sekunde 30. Hapo unapima maji yasiyoingia kwenye dawa yoyote.)

Otesha kwenye agari ya R2A (lishe ya kuoteshea bakteria, yenye virutubisho vichache), nyuzi 30 hadi 35, siku zisizopungua 5. Agari yenye virutubisho vingi ikisomwa baada ya saa 48 huwakosa bakteria wa maji, ambao wengi huota polepole.

Zitambue koloni. Akiwa ni bakteria wa kundi la Burkholderia cepacia, hata idadi chini ya 100 isikutulize: kundi hilo huweza kuvumilia vihifadhi vya dawa za maji. Zuia bechi zote zilizotumia koki hiyo tangu tokeo safi la mwisho, hadi uchunguzi ufungwe.

SWALI: Je, kusafisha mabomba kwa maji ya nyuzi 80 kunatosha?

JIBU: Kama joto hilo linafika hadi koki ya mwisho. Lipime pale, si kwenye tangi.