Mkono baada ya kutolewa titi: maswali yenu kutoka Kigoma

*Shikamoo daktari. Mama ametolewa titi na matezi ya kwapani, hii ni wiki ya tatu. Mrija wa kutolea majimaji umeshatoka, kidonda kimefunga, ila mkono tumemfungia shingoni kwa khanga ili usimuume. Tumfungue lini? – Binti, Ujiji*

Marahaba mwanangu, ila mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. Kama aliyempasua hakuagiza mkono ufungwe, mfungue leo. Najua mlimwonea huruma, lakini bega lisipochezeshwa linakakamaa, na kulilegeza baadaye ndiko kunakoliza watu. Kufumba na kufumbua ngumi na kukunja kiwiko kwa kawaida huanza siku moja tu baada ya upasuaji. Mrija ukiwepo ndipo tunasema mkono usipite usawa wa bega.

Sasa asimame akitazama ukuta, vidole vya mkono huo viupande taratibu kama buibui. Akihisi ngozi inavutika, apumue mara tano, ashuke. Wekeni alama ya mkaa pale alipofika, kesho ajaribu kuipita. Akilala chali mkekani, ashike mwiko wa ugali kwa mikono miwili, ule mzima uupandishe mwenzake kuelekea kichwani. Mara mbili tatu kwa siku. Kuvutika ni sawa, maumivu ya kuchoma hapana. Kama anakunywa dawa ya maumivu, anywe nusu saa kabla.

*Nikinyoosha mkono naona kamba ngumu kutoka kwapani hadi kiwikoni. Jirani anasema nichanjwe. – Kasulu*

Dada, usichanjwe! Kamba hiyo huwapata wengi wiki chache baada ya kutolewa matezi. Si saratani iliyorudi wala si mkono wa mtu. Mara nyingi hulegea yenyewe ndani ya miezi michache ukiendelea kunyoosha. Usimruhusu mtu akuchue kwa nguvu na mawese, na chale kwenye mkono huo ni kuwafungulia vijidudu mlango.

*Nauza dagaa Kibirizi. Nimeambiwa nisibebe kitu maisha yangu yote. Nitakula nini? – Mama wa watoto wanne*

Hata sisi tulifundishwa hivyo zamani, kwa hofu kwamba mkono utavimba. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 uliwapa wanawake wenye mikono iliyovimba mazoezi ya kunyanyua vyuma, wakiongeza uzito kidogo kidogo, na uvimbe haukuzidi. Kwa hiyo wiki sita za mwanzo beba vyepesi tu, halafu anza na chupa ya maji ya lita moja, panda polepole. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, hiyo iache mwisho kabisa, na mwanzoni mtafute wa kukutwisha. Ukianua dagaa vaa glavu. Ukichomwa, osha kwa sabuni hapo hapo.

*Bangili hainiingii tena. – Mwanga*

Pima mikono yote miwili kwa futi ya fundi cherehani, mahali pale pale, uandike. Kisha nenda fiziotherapia kwenye hospitali ya mkoa ya Maweni kabla uvimbe haujawa mgumu. Ukiona wekundu, joto na homa, usingoje kesho: hiyo inataka antibiotiki siku hiyo hiyo.

*Naenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa mionzi. Mazoezi niyaache? – Uvinza*

Usiyaache. Kwenye ile meza utalala mkono ukiwa juu ya kichwa, usipofika huko watapata shida kukupanga. Na mionzi nayo hukaza misuli, hata miezi mingi baada ya kumaliza. Mwiko unaenea kwenye begi.