Kompyuta inavuma kuliko udi

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Marehemu baba aliniachia kaseti 180 za taarab, na zote nimezinakili kwenye kompyuta. Nazisikiliza usiku, mke wangu na mtoto wakishalala. Shida ni kompyuta yenyewe. Ni ya mtumba, ilikuwa ya ofisini, na inavuma kiasi kwamba udi ukipigwa peke yake siupati vizuri. Tena nikisogeza kipanya, spika zinalia “zzzi”. Nimeweka akiba niunge mpya, itakayonifaa pia kwa gemu za mpira na za magari. Rafiki yangu anasema ninunue ya kupozwa kwa maji. Nishauri.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya hizo kaseti. Mimi mwenyewe nilianza ufundi kwenye redio kaseti.

Umenieleza kelele mbili zisizo na undugu. Kuvuma kunatokana na vitu vinavyozunguka. Hiyo “zzzi” ni umeme, na hata ukitoa feni zote itabaki palepale. Tuanze nayo kwa kuwa dawa yake ni fupi. Kwenye jeki ya kompyuta, sauti inatengenezwa ndani ya kasha, jirani na prosesa na nyaya zinazobeba umeme unaopanda na kushuka kila sekunde. Nunua kigeuza sauti cha nje cha USB, madukani wanakiita DAC, spika uchomeke humo. Kompyuta na spika zipate umeme kutoka ekstensheni moja. Ikibaki kulia, asije mtu akakushauri ukate waya wa ethi. Waya huo unakukinga wewe na mtoto na shoti.

Sasa kuvuma. Kelele ya feni ni mtoto wa joto: kinachopata moto ndicho kinachoifanya feni ikimbie. Kwa hiyo mimi huanza kwa kuchagua vifaa visivyokula umeme mwingi. Prosesa ya wati 65, kama Ryzen 5 7600, na kadi ya picha kama RTX 4060, yenye ukomo wa wati 115, zinatosha kabisa kwa mpira na magari. Pawa saplai ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus Gold, yaani isiyopoteza umeme mwingi kuwa joto, itakuwa inafanya kazi nusu ya uwezo wake, basi na feni yake haihangaiki. Hapo usibane pesa. Niliwahi kufungia mteja pawa saplai ya bei ya chini iliyoandikwa wati 600. Ilipiga mluzi tangu siku ya kwanza, ikabidi niitoe na kumrudishia fedha zake.

Feni chukua za milimita 120 au 140, hitisinki ya prosesa, yaani chuma cha kuiondolea joto, iwe kubwa. Hesabu hii ishike: feni ukiipunguzia mwendo kwa nusu, hewa hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa desibeli kama 15. Ukifunga mbili za mwendo huo unapata karibu hewa ileile ya feni moja iliyokuwa ikikimbia, na kelele bado ni pungufu kwa desibeli kama 12. Sikio linaihesabu hiyo kuwa chini ya nusu. Mwendo unaupanga kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka. Mwambie fundi akuoneshe.

Kuna makasha yaliyozibwa na kuwekwa sponji ili yameze sauti. Kwa Tanga siyataki. Mwezi wa pili chumba chako kinafika nyuzi 32 kabla hujawasha chochote, na kasha lililozibwa litazifanya feni zikimbie zaidi. Chukua lenye wavu mbele na kichujio cha vumbi. Maji nayo sikushauri: yanahitaji pampu, nayo ina mvumo wake, na feni bado zinabaki.

Kwenye gemu, weka ukomo wa fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde kama skrini yako ni ya hezi 60, yaani inabadili picha mara 60 kwa sekunde. Bila ukomo, kadi inatoa mamia ya fremu kwenye menyu tu, inachemka bure, na koili zake zinaweza kulia kama nzi. Kadi nyingi za sasa husimamisha feni zake kabisa zikiwa hazina kazi nzito, kwa hiyo wakati wa taarab hutazisikia.

Nyimbo zihamishie kwenye SSD, diski ya chipu tupu, haina kinachozunguka. Kaseti ya dakika 60 kwa ubora wa CD ni megabaiti kama 600, hivyo zako zote, kama ni za urefu huo, hazizidi gigabaiti 120. Hadidiski ya zamani usiitupe. Weka nakala humo, ichomoe, uifungie kabatini.

Kabla hujatoa shilingi, isikilize hiyo uliyonayo. Chukua bomba la katikati la karatasi ya chooni, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe nje ya kasha, nyuma na ubavuni. Utajua ni feni ipi inayokoroma. Zima, chomoa umeme, toa vumbi kwa brashi huku umeshika mapanga yasizunguke. Kisha kata vipande vinne vya ndala kuukuu, weka chini ya miguu ya kasha, maana meza ya mbao huongeza mvumo kama kifua cha ngoma.

Wala usitafute kimya cha kaburi. Washa pangaboi namba moja, kaa unapokaa ukisikiliza. Kompyuta isiposikika juu ya pangaboi, kazi imekwisha, na akiba inayobaki iweke kwenye spika.