Kabla hujaoka keki ya kitabu cha zamani: maneno yangu kwa wanaoanza

Wadogo zangu, nawapenda, lakini wiki hii mmenichosha. Mmoja wenu ameleta kwenye kikundi chetu cha kuoka keki za zamani mapishi ya nyanya yake, yamechapwa upya kwenye kompyuta, safi kabisa, vipimo vyote vimegeuzwa kuwa gramu. Nikauliza daftari lenyewe liko wapi. Akanijibu, "Lilikuwa limejaa mafuta na masizi, tukawashia jiko." Tangu siku hiyo sijatulia, ndiyo maana naandika. Makosa haya yalifanywa na waliowatangulia, nami nikiwa mmoja wao, na kila tukipokea kundi jipya nayaona yanazaliwa tena.

1. Jua kitabu kimetoka kwa nani, kisha ndipo usome kinasema nini.

Vingi vya vitabu hivi vya zamani viliandikwa na kina mama wa kanisa au wa chama. Kila mmoja alitoa keki yake anayosifiwa nayo, kitabu kikauzwa ili kuchangisha pesa. Wanawake wa kanisa la St Andrew's pale Nairobi walitoa chao mwaka 1928 kwa ajili ya masetla, yaani walowezi wa Kizungu. Humo vipimo ni vya Uingereza: painti ni mililita 568, aunsi ni gramu 28. Lakini daftari likitoka Kaimosi, simama kwanza. Wamishonari wa Quaker waliofungua misheni pale mwaka 1902 walikuwa Wamarekani, na painti ya Marekani ni mililita 473, kikombe chao kama 240. Ukienda Maseno, walikoanza Waanglikana mwaka 1906, umerudi kwa Mwingereza. Mtu anapanda matatu Maseno, anashuka Kaimosi siku hiyo hiyo, na painti yake ya maziwa imepungua karibu mililita 100.

Halafu kuna vikombe vya Waingereza wenyewe. Kikombe cha chai ni robo painti, mililita 142. Kikombe cha asubuhi ni nusu painti, mara mbili yake. Muhula uliopita kijana wangu mmoja alitumia kikombe kikubwa cha supamaketi kwa vyote viwili, akatuletea uji wenye zabibu kavu. Tuliunywa, kwa sababu tunampenda.

2. Nunueni mizani.

Mayai ya kienyeji ni madogo kuliko ya trei, na "mayai manne" ya kitabu cha zamani hayakuwa ya trei. Kwa keki ya ratili pima mayai na maganda yake, kisha unga, sukari na siagi kila kimoja uzito ule ule.

3. Soma pembeni mwa ukurasa kabla ya kusoma katikati.

Hapa nitakaa, mnivumilie.

Mzee mmoja wa Lanet, hapa Nakuru, aliniazima kitabu cha marehemu baba yake. Baba huyo alitoka Vihiga akiwa kijana, akawa mpishi kwenye shamba la setla upande wa Molo. Memsabu alipoondoka wakati wa uhuru, alimwachia kitabu cha mapishi cha kina mama wa kanisa. Maandishi yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, lakini kurasa za keki zilizungukwa na penseli, Kiswahili, herufi kubwa kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Wakati huo tulikuwa tunaandaa maonyesho ya historia ya mtaa wetu, na mimi nilitaka picha nzuri za kubandika ubaoni. Ile penseli ilinikera macho. Nikachukua kifutio. Nikafuta ukurasa wa keki ya tangawizi, wa keki ya zabibu, wa keki ya kisibiti (zile mbegu Waingereza wanaziita caraway), polepole, kama mama anayemfuta mtoto uso kabla ya kwenda kanisani. Nilipomaliza niliridhika na kazi yangu.

Kisha nikaoka ile ya tangawizi kama kitabu kilivyoagiza. Ikaumuka haraka hadi ukingoni mwa kibati, nikafurahi, halafu ikazama katikati kabla haijaiva. Nikaoka nyingine, nayo ikazama. Nikalaumu unga, nikalaumu oveni, nikamlaumu hata aliyeniuzia mayai.

Siku ya maonyesho mzee akaja na watoto na wajukuu. Alikipokea kitabu akafungua moja kwa moja kwenye keki ya tangawizi, maana ndiko baba yake alikoandika zaidi. Akafunua ukurasa uliofuata, akarudi. Akaniuliza, "Mwalimu, maneno ya baba yako wapi?"

Nilimwambia ukweli. Hakunigombeza. Aliwageukia wajukuu, akaweka kidole juu ya karatasi tupu, akawaambia hapa paliandikwa soda nusu, hapa maji ongeza, hapa moto zaidi. Mengine hakuyakumbuka. Marehemu hakuacha barua, wala picha yake haipo. Mwandiko ule ndio uliokuwa umebaki, na niliufuta mimi, niliyejiita mtu wa kuhifadhi historia.

Sasa angalieni alichokuwa anasema mpishi yule. Kitabu kilifuata mapishi ya Uingereza, nchi ambayo sehemu kubwa yake haiko juu sana ya bahari. Molo iko karibu mita 2,500. Huko juu hewa inakandamiza kidogo, kwa hiyo gesi ya soda inatanuka kupita kiasi, na keki inapanda kabla unga na mayai havijashikamana. Maji nayo yanachemka kwenye kama nyuzi 92, yanakauka upesi, sukari inabaki nyingi kuliko inavyotakiwa na kuilegeza keki. Dawa ni kupunguza soda, kuongeza maji na kuzidisha moto. Yaani maneno yale yale ya penseli. Alikuwa ameyapata kwa mikono yake, jikoni kwa mtu mwingine, na jina lake halimo popote katika kitabu kile.

Nakuru tuko kama mita 1,850. Kwa kila kijiko kidogo cha beking pauda punguza kama robo, kwa kila kikombe cha sukari toa kijiko kikubwa kimoja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya maziwa, na oveni ipandishe nyuzi 10 hivi. Kisumu, kwenye mita 1,130, gusa kidogo tu. Eldoret punguza zaidi kuliko sisi.

Baadaye tulizima taa, tukaimulika ile karatasi kwa tochi iliyolazwa pembeni kabisa, na michirizo ya penseli ikajitokeza kwenye ukurasa mmoja. Tukapata maneno machache, nikayanakili, nikampelekea mzee. Yaliyokuwa kwenye kurasa nyingine hayatarudi.

Kwa hiyo, kifutio hakiingii jikoni kwangu. Wala selotepu, wala kuziba kurasa kwa plastiki. Piga picha ukurasa na uchafu wake wote. Doa la siagi ni ushahidi: linakuonyesha keki iliyookwa kila Krismasi, na ukurasa unaong'aa pengine ni wa keki ambayo hakuna aliyeijali. Mwenye daftari akiwa hai, kaa naye, mwulize alibadilisha nini na kwa nini, kisha uandike kwenye karatasi yako mwenyewe.

4. Kisibiti na jira havibadilishani.

Zinafanana machoni, nakubali. Ndiyo maana nasema tafuna punje moja kabla ya kulipa. Jira ina harufu ya pilau. Kisibiti ina ubaridi fulani ulimini, inakaribia shamari. Msichana wetu mmoja alinunua jira Kisumu akaoka keki nzima, na jirani akaja kuuliza harusi ni ya nani.

5. Maziwa yaliyoganda ni mala.

Kitabu kikitaka maziwa machachu pamoja na soda, uchachu huo una kazi: unaiamsha soda itoe gesi. Ukitia maziwa matamu, soda inakosa wa kufanya naye kazi na keki inakuwa na ladha ya sabuni. Maziwa ya pakiti ukiyaacha mezani hayagandi vizuri, yanaoza na kuwa na ladha mbaya, kwa sababu bakteria wa kuyagandisha waliuawa kiwandani. Nunua mala. Mursik, yale maziwa ya Wakalenjin yanayogandishwa kwa makaa, iacheni kwenye kibuyu. Mtoto wetu wa Kericho aliijaribu, keki ikatoka ya kijivu yenye vidoa vya makaa, na aliitetea kwa ujasiri hadi kipande cha mwisho. Na magadi ya mboga hayachukui nafasi ya soda ya keki, hata kama duka limefungwa.

6. Molasi ikikosekana, kwaruza sukari guru, iyeyushe kwa maji kidogo, uichuje.

7. Moto.

"Wa polepole" ni nyuzi 150, "wa wastani" 180, "mkali" kuanzia 200. Mnaotumia sufuria na mchanga juu ya jiko, makaa mengi yakae juu ya kifuniko na machache chini. Mnaunguza matako ya keki kila wiki kwa sababu hamnisikii. Weka kipande cha karatasi nyeupe ndani kabla ya keki: ikigeuka nyeusi upesi, subiri.

Jumamosi ijayo tunaoka ya kisibiti. Kila mtu aje na mizani, penseli na daftari lake, na juu ya ukurasa aandike mahali alipookea na aina ya jiko. Anayetoka Kisumu atununulie kisibiti, na aitafune kwanza.